Taya hili umelitoa kwa nani

Binti yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu: ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nimevaa miwani.

Ile picha ya altrasaundi uliyoituma kwenye kundi la familia niliiona. Niliona pia alichoandika shangazi yako chini yake: “Kidevu cha ukoo hicho! Vinasaba vya kupima vya nini tena?” Watu wakacheka, nawe ukacheka nao. Kisha saa tano usiku ukaniandikia mimi peke yangu: “Mama, kweli taya hili nimelitoa kwa baba? Na mtoto atalichukua? Nieleze kama unavyojua, usinipooze roho.”

Sitakupooza. Naandika barua kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwa sababu ndani yake kuna deni langu kwako ambalo nimelikalia miaka mingi.

Asubuhi nimelishusha lile sanduku la bati mlilokuwa mkikatazwa kuligusa. Wenzangu wana albamu za picha. Mimi miaka 31 ya ufundi wa meno bandia imeniachia vinywa vya plasta, nakala ngumu za meno ya juu na ya chini. Nimezipanga mezani jozi tatu. Ya marehemu baba yako, niliyoichukua kabla hata hajanichumbia, alipokuja kutengenezewa gego. Yangu, niliyoitengeneza nikiwa mwanafunzi, yenye viputo vya hewa kwenye magego kwa sababu nilikuwa bado sijui kuitikisa plasta. Na yako, yenye maandishi ya penseli kitakoni: miaka 14.

Nimeshika yako nikaipachanisha. Meno yako ya chini ya mbele yanapita nje ya yale ya juu, na katikati panabaki mwanya wa milimita 3. Nimeipachanisha ya baba yako: mwanya uko upande ule ule, milimita 4. Mtu akiziona hizo mbili tu atasema kama shilingi kwa ya pili, na shangazi yako atakuwa ameshinda kesi.

Lakini plasta inaonyesha meno yanavyokutana, haionyeshi mfupa uliobeba meno hayo umeanzia wapi. Kwa hilo kuna eksirei ya ubavu wa kichwa, ile uliyopigwa ukiwa umewekewa vijiti viwili masikioni ukalalamika kwamba vinakutekenya. Daktari wa kupanga meno aliichora mistari kwa penseli, akapima kutoka sakafu ya fuvu hadi taya la juu, kisha kutoka pale pale hadi taya la chini. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake. Taya lako la chini lilikuwa na urefu wa kawaida kabisa kwa umri wako. Lililobaki nyuma lilikuwa la juu. Picha ya baba yako, aliyopigwa ujanani alipokuwa akifikiria upasuaji kabla hajaghairi, inasema kinyume: la juu halina neno, la chini ndilo refu.

Kwa hiyo videvu vyenu viwili havikufika pale kwa njia moja. Kimoja kimesogea mbele. Kingine kimesimama mahali pake, jirani yake wa juu ndiye aliyechelewa.

Sasa itazame ya tatu, ya mama yako. Meno ya mbele yanakutana vizuri, ya juu yamepita kidogo nje ya ya chini kama kwa watu walio wengi. Hakuna aliyewahi kuniuliza taya nimelitoa kwa nani. Ila angalia chonge ya kushoto juu ilivyokosa nafasi ikapanda juu ya mwenzake, angalia upinde wa taya la juu ulivyo mfupi na mwembamba. Taya langu la juu ni dogo. La chini nalo ni dogo, basi yamepatana, na mdomo uliopatana hauna kesi. Niliyajua hayo tangu siku ile nyuma ya bega la daktari. Nikanyamaza. Kila walipokuja mashangazi zako wakakushika kidevu wakimtaja kaka yao, mimi nilimimina chai. Ilinifaa wakimtaja yeye.

Hilo ndilo deni. Lakini usikimbilie kusema basi la juu ni la mama na la chini ni la baba, kama watu wanaogawana mirathi. Ingekuwa rahisi hivyo, kaka yako, aliyezaliwa na sisi wawili hao hao, asingekuwa na meno yanayokutana kama mlango na fremu yake. Nieleze kwanza uso unavyotengenezwa, ndipo utaona kwa nini swali la “kwa nani” linajibika nusu nusu tu.

Mtoto wako ana wiki 22. Uso wake ulikwisha kuungana zamani, kabla hata hujawaambia watu kwamba una mimba. Kwenye wiki ya 4 hivi kiinitete hakina uso. Kuna vivimbe vitano kuzunguka tundu litakalokuwa mdomo. Kimoja kiko upande wa paji, viwili ni vya taya la juu, viwili vya taya la chini. Mifupa ya uso haikuzaliwa hapo mbele. Seli zitakazoitengeneza huondoka mgongoni mwa kiinitete, kwenye kingo za mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, zikasafiri hadi usoni kwa makundi. Zinaitwa seli za ukingo wa neva. Mswisi mmoja, Wilhelm His, alizigundua mwaka 1868 akichunguza viinitete vya kuku. Zikifika zinaongezeka, vivimbe vinakua, vinasogeleana, vinaungana. Mdomo wa juu huungana kwenye wiki ya 6 na ya 7, kaakaa hufuata hadi kwenye wiki ya 12 hivi. Pakikosa kuungana ndipo mtoto huzaliwa na mdomo wa sungura au kaakaa lililo wazi, jambo linalotokea takriban mara moja katika kila watoto 700 wanaozaliwa duniani, na ambalo kwa mtoto wako daktari alishaliangalia akakuambia hakuna.

Taya la chini lina kisa chake kinachonifurahisha. Hujengwa pembeni ya kijiti cha gegedu kinachoitwa gegedu la Meckel, kwa jina la Mjerumani aliyekieleza mwaka 1820. Mfupa ukishashika kazi, sehemu kubwa ya kijiti hicho hutoweka. Lakini ncha yake ya nyuma haipotei. Inageuka kuwa vijifupa viwili vya ndani ya sikio, nyundo na fuawe. Kwa hiyo sauti ya shangazi yako inakufikia kwa kupitia kipande cha taya.

Ukiangalia seli hizo, za taya la juu na za taya la chini zinatoka kwenye kundi moja. Zinajuaje nani awe nani? Kuna jeni, yaani vipande vya vinasaba vyenye maelekezo ya kujenga mwili, ambazo huwashwa upande wa chini na kubaki zimezimwa upande wa juu, kama namba za mlango. Mwaka 2002 watafiti walizizima jeni mbili za aina hiyo kwa panya, Dlx5 na Dlx6. Vile vijusi vya panya vilipata mataya mawili ya juu: mahali pa taya la chini palijengwa mfano wa lile la juu, limegeuzwa. Nilipolisoma hilo nilikwenda kuitazama plasta yako tena. Juu na chini ni kazi mbili zenye maelekezo tofauti kwa kiasi fulani, na ndiyo maana moja inaweza kuchelewa nyingine ikawahi.

Tuje kwenye hayo maelekezo. Watu husema “jeni” wakidhani ni kama mbegu ya kidevu iliyokaa mahali fulani ikisubiri. Mwanadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotengeneza protini, na zote pamoja hazifiki asilimia 2 ya vinasaba vyake. Katika sehemu iliyobaki kuna swichi nyingi: vipande vinavyoamua jeni fulani iwake wapi, lini, kwa nguvu kiasi gani. Uso unategemea sana swichi. Jeni moja inaitwa SOX9 na inahitajika kwenye gegedu la mwili mzima. Ikiharibika yenyewe, mifupa ya mwili mzima huathirika vibaya. Ila ina swichi zake za usoni zilizokaa mbali nayo kwa herufi zaidi ya 1,000,000 za vinasaba (herufi ni viungo vidogo vinavyofuatana kwenye mnyororo wake), ni kama swichi ya taa yako iwe nyumba ya tano. Zikikosekana hizo, mtoto anaweza kuzaliwa na mwili mzima salama, taya la chini tu likiwa dogo mno, ulimi umesukumwa nyuma, kaakaa limeshindwa kufunga. Nimeona watoto wawili wa namna hiyo kazini, na wote wawili walilazwa kifudifudi ili wapumue.

Hayo ni makubwa, yanayoleta ugonjwa. Yako na ya baba yako si ya jamii hiyo. Ya kwenu ni ya kiasi: swichi inayowaka kwa nguvu kidogo zaidi, au siku mbili zaidi, seli zikaongezeka kidogo kuliko za jirani. Watafiti walipojaribu kwa panya, mwaka 2013, kuondoa swichi za usoni moja moja, panya hawakuzaliwa vilema. Nyuso zao zilibadilika kidogo tu, mabadiliko ya kupima kwa mashine. Hiyo ndiyo tofauti ya sura tunayoizungumzia: vidogo vingi vilivyorundikana.

Vingi kiasi gani? Chukua watu wawili wasio ndugu. Vinasaba vyao vinatofautiana takriban herufi moja katika kila 1,000, na herufi zote ni kama bilioni 3. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 ulipima nyuso za watu zaidi ya 8,000 wenye asili ya Ulaya kwa picha za pande zote, ukakuta maeneo 203 ya vinasaba yanayohusiana na umbo la uso. Mia mbili na tatu, na hesabu haijafungwa. Mwaka 2016 kulikuwa na mwingine uliofanywa kwa watoto na vijana zaidi ya 3,000 wa Tanzania, ukaonyesha jeni mbili, SCHIP1 na PDE8A, zinahusiana na ukubwa na umbo la uso. Nilifurahi kuona kipimo kimechukuliwa Afrika, maana ukipima nyuso za bara moja tu halafu ukasema umeelewa uso wa binadamu, umeelewa nusu kibaba.

Mwaka huo huo wengine wakapima zaidi ya watu 6,000 wa Amerika ya Kusini na Mexico. Pua zilikuwa na jeni zake, na kidevu kikaonekana kuhusiana na jeni iitwayo EDAR. Hiyo naipenda kwa sababu za kifundi. Aina yake moja imeenea sana Asia ya Mashariki na kwa wenyeji wa asili wa Amerika, na anayeibeba huwa na nywele nene na meno ya mbele yaliyochimbika kwa nyuma kama koleo. Mara mbili tatu katika maisha yangu nimeshika meno ya namna hiyo nikapitisha kidole nyuma yake nikahisi kingo mbili zilizoinuka, nikajiuliza fundi gani huyu aliyeyachonga. Jeni moja: nywele, meno, kidevu. Usitegemee basi kukuta jeni ambayo kazi yake ni taya lako peke yake.

Shangazi yako mwenyewe, kama unamkumbuka siku ya harusi yako, alisema taya hilo ni la kifalme. Alibahatisha kitu. Kulikuwa na ukoo wa Habsburg uliotawala Hispania, Austria na nchi nyingine nyingi za Ulaya, na taya lao lilijulikana hadi likapewa jina la ukoo. Charles wa Tano, aliyefariki mwaka 1558, alipata shida hata kufunga mdomo. Philip wa Nne alichorwa na Velázquez mara nyingi, na kidevu kipo pale pale kila mara, mchoraji hakukificha. Walioana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi. Philip huyo alimwoa mpwa wake mwenyewe. Mwana wao Charles wa Pili, aliyezaliwa 1661 na kufa 1700 bila mtoto, alikuwa na kiwango cha 0.254 kwenye kipimo cha nakala za vinasaba zinazofanana kwa sababu wazazi ni ndugu. Mtoto wa kaka na dada wa kuzaliwa huwa na 0.25.

Kwa nini kuoana ndugu kuzidishe taya? Kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kuna tofauti ambazo nakala moja ikiwa nayo, ya pili huifunika. Ndugu wakioana, nakala zilizofichwa hukutana. Mwaka 2019 watafiti waliwapa madaktari bingwa 10 wa upasuaji wa uso picha 66 za kuchorwa za ukoo huo, waweke alama kwa kila dalili. Waliozaliwa na wazazi wenye undugu wa karibu zaidi ndio waliokuwa na taya la chini lililojitokeza zaidi. Lakini kilichonifanya niweke miwani chini ni kitu kingine. Wale madaktari waliweka pia alama za taya la juu lililopungua: mdomo wa chini uliojitokeza, ncha ya pua iliyoinamia chini. Na vitu hivyo viwili vilikuwa vikienda pamoja. Yaani taya maarufu kuliko yote duniani, ambalo kila mtu analitazama chini, tatizo lake lilikuwa juu vilevile. Kama lako.

Sisi si Habsburg. Mimi na baba yako hatukuwa na hata babu wa babu mmoja. Kwenu, kitu kama hicho ni karata tu zilivyochanganywa.

Nitakuambia sasa kosa langu la pili, ambalo hili huwezi kuwa umelisahau. Ulikuwa na miaka 8. Nilikushonea ule mkanda wa kidevu: kikombe cha ngozi, lastiki mbili, kofia ya kitambaa cha bluu. Nilikuwa nimeviona vifaa vya namna hiyo kazini nikajiona fundi. Ulikivaa kila usiku, ukilia mwanzoni, kisha ukazoea, na kwa mwaka mmoja na kitu meno yakaonekana kurudi. Nikajisifu. Ulipofika miaka 12 ukarefuka ghafla, na kile chote kikapotea kwa miezi michache. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo inavyokuwa kwa wengi: kikombe cha kidevu kinasukuma mambo kwa muda, halafu mwili unaporuka kwa kubalehe, taya linarudi kwenye mwendo wake. Juu ya hilo, nilikuwa nimelifunga taya lisilo na kosa. La juu lililotakiwa kuvutwa mbele nililiacha. Nisamehe kwa zile usiku.

Lakini usinielewe kwamba vinasaba vikishasema basi. Unamjua pimbi, yule mnyama wa kwenye majabali. Uso wake umekaa kwa namna inayokaribiana na wetu, umeingia chini ya ubongo. Mwaka 2004 watafiti waliwalea pimbi wa makundi mawili, wengine wakila chakula kigumu kibichi, wengine kile kile kilichopikwa kikalainika. Waliokula laini walikua na sehemu ya chini na ya nyuma ya uso iliyo ndogo kwa kama asilimia 10. Vinasaba havikubadilika, mfupa ulikosa kazi. Mtoto anayekua mfupa wake unasikiliza misuli. Ni sababu mojawapo ya vinywa vya siku hizi kukosa nafasi ya magego ya mwisho. Wale vijana wa mitandaoni wanaotafuna vipande vya mpira wakitafuta taya la mraba wamechelewa gari: kwa mtu mzima kinachovimba ni msuli.

Na kuna homoni. Alikuja mzee mmoja kwangu mara tatu ndani ya miaka minne, meno yake bandia ya chini hayamkai. Mara ya tatu nilizilinganisha plasta zake: taya lilikuwa limekua. Mtu wa miaka 50! Nikamuuliza kama pete inamkaa, akasema aliikatisha kwa msumeno. Nilimpeleka kwa daktari, akakutwa na kivimbe chini ya ubongo kinachomwaga homoni ya kukuza mwili. Ukoo wake ulikuwa ukimwambia anazidi kufanana na babu yake.

Haya, mtoto. Ile picha ya altrasaundi haiwezi kusema analosema shangazi yako. Daktari anapoutazama ubavu wa uso wa mtoto tumboni anatafuta makubwa: mdomo umeungana, taya si dogo kupita kiasi. Watoto karibu wote huzaliwa na taya la chini dogo, lililo nyuma, kisha linakimbiza la juu kwa miaka. Taya la juu humaliza mapema kidogo, la chini huendelea, kwa wavulana hata hadi miaka 18 au 20. Taya kama la baba yako hujionyesha lote wakati huo wa kubalehe. Yeye mwenyewe kwenye picha ya shule ya msingi ana kidevu cha kawaida. Kwa hiyo anayeona kidevu cha ukoo kwenye kivuli cha wiki ya 22 anaona anachokipenda, na shangazi yako alimpenda sana kaka yake, tumwachie hilo.

Atalichukua? Utampa nusu ya vinasaba vyako, na nusu hiyo itachaguliwa upya. Hakuna anayejua ipi. Ndani yake kutakuwa na vipande vya baba yako na vipande vyangu, vimechanganywa kwa mpangilio ambao wewe hukupewa na kaka yako hakupewa. Nusu nyingine inatoka kwa mume wako, ambaye plasta yake sina, lakini nimekwisha mtazama vya kutosha wakati akila. Taya pana, la juu limejaa. Juu ya hayo mtoto huzaliwa na herufi mpya kama 60 hivi ambazo si zako wala za babake. Kuwa na mzazi mwenye meno ya chini yanayopita mbele kunaongeza uwezekano wa mtoto kuwa nayo, hilo ni kweli na sikufichi. Atakayekutajia asilimia kamili kwa familia moja kama yetu anakuuzia kitu.

Linalowezekana ni hili. Meno ya utotoni yakiisha kuota, mtazame akiuma. Akifika miaka 7, meno ya mbele ya ukubwani yanapoanza, mpeleke kwa daktari wa kupanga meno hata kama huoni kitu, umwambie kuna babu aliyekuwa na taya la chini refu, na mama na bibi wenye taya la juu fupi. Mwambie vyote viwili. Ikiwa ni la juu lililochelewa, kuna vifaa vya kulivuta mbele, na vinafanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10 hivi, wakati maungio ya mifupa ya uso bado yanakubali. Ikiwa ni la chini refu, mara nyingi husubiriwa likome kukua ndipo iamuliwe kama kuna upasuaji au hakuna. Baba yako aliamua hakuna, akaishi nalo, na nilimpenda nalo. Usimfungie mtoto mkanda.

Jozi zote tatu nakutumia kwenye sanduku, nimezifunga kwa taulo. Yako ya chini ina ufa karibu na chonge, niliiangusha mwaka ule ule nikaigundisha, usiibane sana ukiipachanisha.

Kabla ya hapo nimezipiga picha, zote tatu kwa ubavu. Leo jioni naziweka kwenye kundi la familia, nikiandika kwamba nusu ya kidevu hicho ni cha kwetu, na nimejua tangu ulipokuwa na miaka 14. Shangazi yako atapiga simu. Atakapokupigia wewe, mwambie anipigie mimi.

Mama yako